Egemea, Kisha Usubiri

Mjukuu wangu mmoja aliniuliza juzi mezani, kitabu cha fizikia mbele yake na penseli mdomoni: "Bibi, hivi wewe ulisoma mpaka darasa la ngapi?" Nikamwambia nilisoma la kwanza mpaka la sita, ila vipande vipande, wiki hapa, siku tatu pale, kama mtu anayekula mkate wa kuombaomba. Akacheka. Kisha akaniuliza kama najua kwa nini kitu kilichokwisha kushika mwendo hakisimami mpaka kizuiwe. Nikainuka nikaenda kukoroga supu ya njegere, maana sikutaka anione uso. Jambo hilo nalijua. Nimeandika hapa jinsi nilivyolijua, aje alisome mwenyewe.

Nilizaliwa ndani ya chombo, kwenye mifereji ya jimbo la Friesland. Kiliitwa Nije Moed, yaani Moyo Mpya, chombo cha chuma chenye tumbo pana na tanga la rangi ya kutu, na sisi wanne tuliishi nyuma yake katika chumba ambacho baba akinyoosha mikono aligusa kuta zote mbili. Baba alikuwa Ruurd, mama Baukje. Mimi Hiske nilikuwa na miaka kumi na miwili mwaka ninaousimulia, mwaka mmoja kabla ya vita, na mdogo wangu Tet alikuwa na sita. Tulibeba chochote: viazi, samadi, mchanga, matofali. Upepo ukiwepo, tanga lilifanya kazi. Upepo ukikosekana, kazi ilikuwa yetu. Baba alishika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, mama akashika usukani, na mimi nikashuka kwenye njia ya ukingoni, mshipi wa turubai kifuani, kamba ndefu nyuma yangu, na mwisho wa kamba tani thelathini na tano.

Watu wa nchi kavu hudhani kuvuta chombo kunataka misuli. Baba alinifundisha nikiwa na miaka tisa. "Ukikivuta kwa kukishtua, mwanangu, utaumia wewe, na chenyewe hakitakuwa na habari. Egemea, kisha usubiri." Basi unaegemea mshipi mpaka pua inakaribia majani, miguu umeikita, na hakuna kitu. Unahesabu. Unafika ishirini, unafika thelathini, unaanza kuona aibu mbele ya ng'ombe wanaokutazama. Halafu unasikia kamba inalegea kidogo tu, na unapiga hatua moja. Ya pili ni nafuu. Ukifika ya mia unaweza hata kuimba.

"Kazi ni kukianzisha," baba alisema, "na kukisimamisha. Hapo katikati ni matembezi."

Kukisimamisha kulikuwa na sheria zake. Kamba huzungushwa kwenye nguzo ya gatini mara mbili au tatu, kisha huachwa ikimbie polepole, ikilia na kutoa moshi, mpaka chombo kichoke. Gogo hushushwa ubavuni lichukue pigo. Na sheria iliyopita zote ni kwamba mtu haweki mkono, mguu wala mgongo kati ya chombo na kitu kingine. "Kikitaka kugonga, kiacheni kigonge. Ubao unanunuliwa." Baba alilisema hilo mara nyingi mpaka Tet alikuwa akimwigiza, mikono kiunoni, sauti ameifanya nzito: "Ubao unanunuliwa!"

Njiani alinitega vitendawili, yeye chomboni, mimi ukingoni, maji katikati yetu.

"Nakutega, Hiske!"

"Nitege!"

"Namsukuma naye ananisukuma. Nikimwacha, naye ananiacha."

"Gati!"

"Lo! Mama Hiske, huyu mtoto unamlisha nini?"

"Viazi vilevile unavyokula wewe," mama akajibu kutoka usukanini, "ila kwake vinapanda kichwani."

Nikishindwa, nilimpa mji. Nilikwisha kumpa Dokkum, nikampa Bolsward, nikampa Harlingen pamoja na bandari yake. "Nusu ya Friesland ni yangu," alimwambia mama, "na bado naishi kwenye kopo."

Desemba ile barafu ilitushikia Eastwier. Siku tatu tu, na mfereji ukawa mgumu kama sakafu. Ilikuwa desturi: chombo kikikamatwa na barafu, watoto wake hupelekwa shule ya kijiji kilichowakamata, hukalishwa benchi la nyuma, na hakuna anayejisumbua kujua majina yao kwa sababu barafu ikiyeyuka wataondoka.

Mwalimu wa Eastwier aliitwa Kingma, mwembamba, koti limechakaa viwikoni. Siku ya pili aliweka kipande cha ubao mezani, akakisukuma. Kikateleza shibiri moja, kikasimama.

"Kwa nini kimesimama?"

Gosse, mtoto wa mchinja nyama, mnene, anayekaa mbele, akanyoosha mkono. "Kimechoka, mwalimu."

"Msukumo umeisha," akasema mwingine.

Nami nikajisikia nasema, bila ruhusa: "Meza imekishika."

Vichwa vyote vikageuka. "Heee! Panya wa maji anajua kusema!" akasema Gosse, na darasa likaangua kicheko.

"Kaeni kimya. Meza imekishika vipi, binti?"

"Inakisugua. Kiweke kwenye barafu uone. Chombo chetu, mwalimu, mtu akiacha kukivuta hakisimami ng'o. Kinaendelea na safari yake. Mpaka ukifunge kamba."

Mwalimu Kingma alinitazama. Kisha akavaa kofia. "Kila mtu na viatu vyake vya kutelezea barafuni. Nje!"

Katika maisha yangu sijapata siku ya shule nyingine kama ile. Kile kipande cha ubao kilikwenda kikaenda mpaka chini ya daraja. Halafu akatusimamisha mimi na Gosse uso kwa uso juu ya barafu, viganja kwa viganja, akaniambia nimsukume, na Gosse asifanye lolote. Nilimsukuma. Gosse akarudi nyuma hatua moja. Mimi nikarudi nyuma hatua nne, nikaangukia makalio.

"Mbona ameanguka yeye aliyesukuma?" mwalimu akauliza.

"Kwa sababu Gosse amekula soseji zote za baba yake," akasema msichana mmoja, na safari hii kicheko hakikuwa changu. Hata Gosse alicheka. Akaniinua.

"Aliyesukuma amesukumwa," mwalimu akasema. "Sawasawa, wala haikupungua. Ila mwepesi huenda mbali zaidi."

Nikamwambia hicho ni kitendawili cha baba yangu. Akataka kukisikia, nikamwambia.

Barafu ilikaa wiki tano. Wiki ya nne, mwalimu Kingma alikuja chomboni, akainama kuingia, akagonga kichwa, akaketi juu ya pipa. Mama alimpa mkate wa sukari na kahawa. Alisema anataka nibaki Eastwier. Kulikuwa na mjane jirani yake, bibi Nynke, mwenye kitanda kisicho na mtu. Ningemaliza darasa la sita vizuri, kisha angeniandikisha mtihani wa kuingia shule ya mjini Sneek. Alisema miaka kumi na minne ya kufundisha hajapata mtoto wa namna hii.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye soksi aliyokuwa akiishona. "Na nani atavuta?"

"Nitavuta mimi," baba akasema.

"Na upondo?"

"Nitavuta, kisha nitapiga upondo."

"Una miguu mingapi, baba Hiske?"

Baba hakucheka. Yeye hakujua kusoma. Mizigo yake aliihesabu kwa alama alizochonga kwenye mlingoti, na karatasi za bandarini alizitia kidole pale alipoelekezwa. Kahawa yake ikapoa. Kisha akamwambia mwalimu: "Barafu ikishaondoka, mwezi wa Machi, tuna mzigo wa matofali. Unakuja hapahapa Eastwier, wa chumba kipya cha shule yako. Tukiufikisha, Hiske atashuka nao."

Mama akakata uzi kwa meno. Akasema, "Basi atahitaji gauni."

Alilishona lile gauni usiku na mchana, kutoka kwenye pazia la buluu.

Tulipakia matofali elfu kumi na tisa katikati ya Machi. Safari ilichukua siku tatu, na upepo ulikuwa mchache, nikavuta karibu njia yote. Sikuchoka. Kila nguzo niliyoipita niliihesabu: bado hizi, bado zile. Siku ya mwisho asubuhi mama alinivalisha gauni, nikavaa mshipi juu yake. Alisema nitalichafua, lakini hakunivua. Furushi langu la nguo lilikuwa sitahani, limefungwa kwa kamba ya tanga.

Tulipouona mnara wa kanisa la Eastwier, baba aliita kutoka chomboni.

"Nakutega!"

"Nitege!"

"Ni mgumu kumwanza, na ni mgumu zaidi kumwacha."

"Chombo!"

"Siyo. Hicho ni cha watoto."

"Barafu?"

"Siyo."

"Mama!"

"Nitakurushia ndoo," mama akasema kutoka usukanini.

Nilijaribu vinne, vitano. Mwishowe nikampa mji. Nilimpa Leeuwarden, mji mkuu wa Friesland, nilikuwa nimeuficha kwa siku kubwa.

"Leeuwarden nimeupokea," akasema baba. "Jibu nitakupa tukifika."

Basi nikavuta. Nisikilizeni, mimi nilivuta. Upepo mwembamba uliamka nyuma yetu, tanga likajaa, na badala ya kuliacha tanga lifanye kazi nilianza kukimbia kwa viatu vyangu vya mbao, mshipi ukinikata kifua, kwa sababu gatini niliwaona watu. Mwalimu Kingma alikuwa pale na kofia yake. Gosse alikuwa pale. Darasa zima lilikuwa limetoka, na bibi Nynke na shali lake. Walikuwa wananisubiri mimi. Hakuna mtu aliyewahi kuwasubiri watu wa majini.

"Acha!" baba akapiga kelele. "Hiske, acha!"

Niliacha papo hapo. Kamba ikalala majini. Chombo kikanipita.

Nilikuwa nimelisema kwa kinywa changu mbele ya darasa: mtu akiacha kukivuta hakisimami. Lakini kulisema ni kitu kimoja, na kusimama pale ukingoni na mshipi uliolegea ukitazama tani thelathini na tano zinakwenda zenyewe, kimyakimya, kwa mwendo wa mtu anayetembea tu, ni kitu kingine.

Mbele ya chombo chetu, kwenye gati lilelile, kilikuwa kimefungwa chombo cha Gjalt, mzee mmoja wa Eastwier. Kilikuwa kitupu. Jana yake Gjalt alikuwa amening'iniza mabawa mapya ya ubavuni, yale mabawa makubwa ya mbao yanayozuia chombo kisiende upande, ya mwaloni, yamepakwa vanishi mpaka yanakuonyesha uso. Kijiji kizima kilikuwa kimeyatazama.

Baba aliruka gatini na kamba ya nyuma, akaizungusha kwenye nguzo mara tatu, vizuri, kama siku zote. Lakini usiku ulikuwa wa baridi na kamba ilikuwa imelala nje. Ilikuwa na ganda la barafu. Ilizunguka nguzo bila kulia wala kutoa moshi. Iliteleza tu.

Mama akalishusha tanga. Tet akaburuta gogo, nalo lilikuwa zito kwake, na lilikuwa upande usiofaa.

Hapo baba alipaswa kukiacha kigonge. Ubao unanunuliwa. Nilimwona akiwatazama wale watoto, na mwalimu, na bibi Nynke na shali lake, na nilielewa baadaye, miaka mingi baadaye, alichokiona. Aliona binti yake anashuka kuanza maisha kijijini, na jambo la kwanza watakalolijua juu yake ni kwamba baba yake, mtu wa majini asiyejua kuendesha, amevunja bawa jipya la Gjalt.

Alikimbia. Alirukia pua ya chombo chetu, akaketi, mgongo kwenye chuma cha roda, lile gurudumu la kuvutia nanga, akanyoosha miguu yote miwili kulipokea lile bawa.

Sauti sitaiandika.

Walimbeba juu ya mlango uliong'olewa nyumbani kwa mtu. Daktari alikuja kwa baiskeli, akatoka chumbani kwetu akaosha mikono mferejini kana kwamba mfereji mzima haumtoshi. Baba aliishi mpaka kesho yake adhuhuri. Hakulia. Alisema haisikii miguu, ni kama imeshuka ikaenda matembezi. Nilikaa kitandani kwake na gauni langu la buluu.

"Bawa la Gjalt?" aliniuliza.

"Zima, baba. Halina hata mkwaruzo."

"Vizuri." Akafumba macho. "Vizuri sana."

Kitendawili sikumuuliza. Nilidhani nikimuuliza nitakuwa nimemwambia kwamba anakufa.

Tulimzika Eastwier. Wanaume wa kijiji walishusha yale matofali kwa mikono, wamejipanga mstari kutoka gatini mpaka shuleni, Gosse na baba yake wamo, na Gjalt alisimama mwanzo wa mstari na hakumruhusu mtu ampokee zamu. Usiku wa mazishi nilimwambia mama: "Nilivuta sana. Nilikimbia." Alikuwa anaosha vikombe. Aliendelea kuviosha. Kikombe kimoja alikiosha mpaka nikaogopa.

Mwalimu Kingma alikuja. Akasema kitanda cha bibi Nynke bado kipo, na hakuna atakayenidai kitu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. "Neno liko palepale, mwalimu," akasema. "Baba yake alilitoa. Atabaki." Kisha akaenda kulala, na nikamsikia anajigeuza mpaka alfajiri.

Asubuhi niliamka nikasikia chombo kimefunguliwa. Nilitoka. Furushi langu lilikuwa juu ya gati, limewekwa kwa uangalifu, na mkate juu yake. Tet alikuwa usukanini amesimama juu ya kreti, kwa sababu bila kreti haoni mbele. Na mama alikuwa ukingoni. Alikuwa amevaa mshipi wangu. Ulikuwa umembana. Ameegemea, uso chini, na chombo, ingawa kitupu, kilikuwa hakijamjibu.

Hakunitazama. "Nenda," alisema. "Utachelewa shule."

Nilimsogelea. Nikaweka mkono begani kwake, nikaanza kumvua mshipi. Alinizuia mara moja, kidogo tu. Mara ya pili hakunizuia. Nikauvaa. Yeye akaenda kuchukua furushi kule gatini, akalishika kifuani, akapanda chomboni akamshusha Tet kwenye kreti.

Nilikuwa sijakianzisha nilipoona viatu kando yangu. Mwalimu Kingma. Kofia ameishika mkononi.

"Hiske, hebu nipe huo mshipi. Mpaka darajani tu."

Nilimpa. Akajifunga, akapiga hatua kwa nguvu zake zote, kamba ikakaza, ikamrudisha nyuma, nusura aanguke. Akajaribu tena. Viatu vyake vya mjini vilichimba tope.

"Usikishtue, mwalimu," nikamwambia. "Hakina habari na wewe. Egemea, kisha usubiri."

Aliegemea. Alisubiri. Niliona mishipa ya shingo yake, na ile kola nyeupe. Nilikuwa nahesabu moyoni, naye nadhani alikuwa anahesabu. Ishirini na sita, ishirini na saba. Kamba ikalegea kidogo, akapiga hatua, na akatoa sauti, sijui ilikuwa kicheko au nini.

Tulikwenda mpaka darajani. Pale akasimama, na chombo, kama kawaida yake, hakikusimama. Kilitufikia na kutupita polepole, mama usukanini akitazama mbele.

"Nimefundisha sheria hii miaka kumi na minne," mwalimu akasema. Alinivisha mshipi kwa mikono yake, akaninyooshea kola ya gauni iliyokunjamana chini yake. Kisha akatoa daftari mfukoni, lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika sheria tatu za mwendo, zile alizotuonyesha kwenye barafu, kwa mwandiko wake mzuri, na chini yake kile kitendawili cha gati. Kurasa nyingine zote zilikuwa tupu.

Nilivuta mpaka nikawa na miaka ishirini na mitatu. Shule sikurudi.

Mama aliishi mpaka uzee mkubwa, akafa kwenye nyumba yenye bustani, akilalamikia ukimya wa nchi kavu. Mwaka wake wa mwisho, tukimenya viazi, alisema bila kuulizwa: "Tanga nilichelewa kulishusha. Nililiona bawa la Gjalt mapema. Nilikuwa natazama vile watu walivyokusubiri." Tukaendelea kumenya. Baadaye nikamuuliza kile kitendawili, jibu lake lilikuwa nini, maana Leeuwarden yangu ilikuwa imekwenda bure.

Mama akacheka, machozi yakamtoka.

"Hakuwa na jibu, Hiske. Hujui? Baba yako alikuwa anatega kwanza, jibu anatafuta njiani. Usiku kucha ananiamsha: 'Baukje, nisaidie, mtoto ananidai.' Kile nacho aliniambia asubuhi ileile. Akasema usijali, mpaka tufike nitakuwa nimelipata."

Daftari ninalo. Mjukuu wangu, liko kwenye droo ya meza, chini ya vitambaa. Zile kurasa tupu sasa nimezijaza, hii ndiyo ya mwisho.